Hukumu ya Kuhudhuria Tamasha la Ngome Kongwe, na Khabari ya Jicho na Ulimi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Kila mwaka katika mwezi wa Februari hukusanyika katika Ngome Kongwe ya Unguja khalaiki kubwa ya watu, wenyeji na wageni, kwa tamasha liitwalo Sauti za Busara. Tamasha hilo lilifanywa mara ya kwanza mwaka 2004, likakosekana mwaka 2016 kwa upungufu wa fedha, kisha likarejea. Hufanywa uwanjani chini ya mbingu, ndani ya kuta zilizojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, na ngoma huendelea mpaka usiku mkubwa. Wanawake hupanda jukwaani wakaimba mbele ya wanaume wasio maharimu zao. Marehemu Bi Kidude binti Baraka alipanda hapo mara nyingi kabla ya kufa kwake tarehe 17 Aprili 2013, na mwaka 2022 wenye tamasha waliifanya sauti ya mwanamke kuwa ndiyo maudhui ya mwaka ule.

Na wanaume wa Kiislamu wa pwani huenda. Jambo hili halifichiki, wala hapana faida kulifunika. Wako wanaouza vyakula nje ya lango, na wako wanaokodisha vyumba kwa wageni. Hao wana hukumu yao katika milango ya biashara, na si makusudio ya maneno haya. Wanaokusudiwa ni wale wanaolipa wakaingia, wakatazama, wakasikiliza, kisha asubuhi yake wakakaa barazani na kahawa mkononi, mazungumzo yao yakawa ni juu ya yule mwanamke aliyeimba: nguo yake, mwendo wake, na maisha yake wasiyoyajua. Ajabu kubwa ni kuwa aliyetoa fedha zake kwenda kumsikiliza ndiye mara nyingi wa kwanza kumlaani. Na huyo huyo, mkewe akimwomba ruhusa kwenda harusini kwa jamaa zake, ambako wanawake hupigiana dufu wao kwa wao, humjibu kuwa ngoma ni haramu.

Basi yapasa hukumu iwekwe mahali pake, isizidishwe wala isipunguzwe.

Wako wasemao kuwa sauti ya mwanamke yenyewe ni tupu, wakadhani kuwa wamekwisha maliza maneno. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa sauti yake si tupu. Wanawake wa zama za Mtume, sala na salamu zimshukie, walikuwa wakimjia na kumwuliza mambo ya dini yao, masahaba wakisikia. Na Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, wanaume walipokea kwake elimu nyingi kutoka nyuma ya pazia. Lakini wanazuoni wametia sharti: mwenye kuchelea fitina, au mwenye kusikiliza kwa ajili ya kuonja ladha ya matamanio, kwake yeye kusikiliza huko ni haramu. Angalia jinsi sharti hilo lilivyofungwa katika moyo wa msikilizaji. Na hata katika Suratul Ahzabi, wake za Mtume walipokatazwa kulegeza maneno, sababu iliyotajwa ni yule mwenye maradhi moyoni mwake. Na mwenye maradhi hayo ni mwanamume.

Ama kuimba na vyombo vya kupigwa, Imamu Nawawi ameyaeleza hayo katika Minhaji, na kitabu hicho ni maarufu kwa wanaosoma darasa misikitini pwani hii. Hukumu yake kwa ufupi ni kuwa kuimba bila ya chombo ni makuruhu, na kusikiliza vile vile. Dufu yajuzu katika harusi na tohara. Na vyombo vilivyo alama ya walevi ni haramu, na katika hivyo ameutaja udi kwa jina lake. Mpenzi wa taarabu asijifanye hajasikia. Mwenye kutaka rukhsa humkimbilia Imamu Ghazali, kwani yeye katika Ihyaa ameupanua mlango wa kusikiliza. Kweli ameupanua, lakini ameuwekea mambo matano ambayo likiwapo moja hugeuka kuwa haramu, na la kwanza lao ni kuwa mwenye kuimba awe mwanamke ambaye si halali kumtazama, na kusikilizwa kwake kunakhofiwa fitina. Basi anayemchukua Ghazali na amchukue mzima.

Na kama hivyo ni hadithi ya vijana wawili wa kike walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache, kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yao. Hadithi hii ni sahihi, na ni hoja kwa wanaodhani kuwa dini imeharimisha furaha yote. Lakini aitoaye kuwa ni ruhusa ya kwenda Ngomeni ameuacha ule upande aliousema Bibi Aisha mwenyewe, kuwa wale hawakuwa waimbaji wa kazi, na ilikuwa nyumbani, mchana wa Idi, kwa maneno ya vita vya zamani vya Ansari.

Liko tukio jingine ambalo wanaume wa barazani hulitaja kwa nadra, nalo ndilo linalowahusu zaidi. Katika Hija ya kuaga, Fadhli bin Abbasi, naye ni kijana mzuri wa sura, alikuwa amepandishwa nyuma ya Mtume juu ya mnyama wake. Akaja mwanamke wa kabila la Khathaam kuuliza juu ya baba yake mzee asiyeweza kukaa imara juu ya kipando: je, amhijie? Fadhli akawa anamtazama yule mwanamke, na mwanamke akimtazama Fadhli. Mtume akaushika uso wa Fadhli akaugeuzia upande wa pili. Kisha akamjibu mwanamke suala lake, kuwa ndiyo, amhijie. Hakumnyamazisha mbele ya watu wale, wala hakumfukuza. Uso uliogeuzwa ulikuwa wa mwanamume, naye ni binamu yake Mtume, tena katika ibada ya Hija. Ni nani basi leo usiku, kati ya wanaosimama mbele ya jukwaa saa nzima bila ya kupepesa, anayeweza kusema kuwa jicho lake ni safi kuliko la Fadhli? Na mpango wa Suratun Nur ni huu huu: waumini wanaume wameamrishwa kuinamisha macho yao katika aya ya 30, na wanawake wakaamrishwa katika aya ya 31. Amri ya wanawake ipo, na waimbaji watajibu wenyewe kwa Mola wao. Lakini mwanamume hawezi kuruka aya yake akaanza kumsomea mwenziwe ya kwake.

Yako na mengine yanayoambatana na mikusanyiko ya namna hii, nayo hayahitaji maneno mengi. Pakiwa panapitishwa ulevi, Muislamu amekatazwa kukaa mahali hapo, hata kama yeye mwenyewe hanywi. Na sala: Magharibi na Isha zote mbili huingia ilhali muziki unaendelea, katika mji ambao misikiti yake imekaribiana hata adhana zinagongana. Mwenye kuiacha Magharibi hata wakati wake ukatoka, kwa kuchelea kupoteza mahali pake karibu na jukwaa, huyo msiba wake ni mkubwa kuliko udi.

Imebaki khabari ya ulimi, na hapa ndipo wengi huangamia wasijue. Unguja ina desturi mbaya juu ya wanawake waimbao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri kule Bombay mwaka 1928, alitungiwa maneno ya kumtweza kwa asili yake na sura yake. Mpaka leo yatosha mwanamke kupanda jukwaani, watu wakamwita mzinifu. Neno hili ni kadhfu. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nur, aya ya 4, kuwa wenye kuwasingizia wanawake wenye kujihifadhi, kisha wasilete mashahidi wanne, wapigwe bakora 80 na ushahidi wao usikubaliwe; na Mtume ameihesabu kadhfu katika mambo saba yenye kuangamiza, pamoja na ushirikina na kuua nafsi. Kuimba kwa mwanamke mbele ya watu si ushahidi wa zinaa, wala nguo yake si ushahidi, wala kurudi kwake usiku si ushahidi. Yuko mtu aliyekwenda Ngomeni akarudi na dhambi ya jicho, nayo huenda ikafutwa kwa udhu na sala na majuto. Kisha asubuhi, kwa kikombe kimoja cha kahawa, akaongeza juu yake dhambi katika yale saba. Na wale waliokaa naye wakacheka wana fungu lao.

Na toba ya kadhfu haitimii kwa kusema astaghfirullahi kimoyomoyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii mwenye kusingizia hutakiwa aseme kwa ulimi wake kuwa kusingizia kwangu kulikuwa ni batili, nami najuta, wala sitarudia. Na haki ya aliyesingiziwa iko palepale mpaka asamehe. Basi na aende kwenye baraza ile ile, kwa watu wale wale waliomsikia, ayaseme hayo kabla kahawa haijapoa. Wallahu aalam.