Nozeli Tatu Ndani ya Kopo



Somo letu juma hili ni Mwanzo sura ya 26. Lisomeni nyumbani kabla ya Jumapili, tena lisomeni polepole. Isaka anafika bonde la Gerari na kukuta visima vilivyochimbwa enzi za baba yake, Ibrahimu, vimefukiwa udongo na Wafilisti. Anavizibua, kisha anavirudishia majina yale aliyovipa mzee wake. Nimelihubiri somo hili mara nyingi nikilipita haraka kwenda mbele. Mwaka huu limenishika, kwa sababu nimekaa nalo miezi minne chini ya mkorosho, mikono imejaa grisi.

Waliowahi kufika kwetu upande wa Mnacho, Ruangwa, wanalijua trekta la babu. Ni Massey Ferguson 35, dogo, la silinda tatu, lililokuwa jekundu. Kwa miaka 19 kuku walitagia kwenye kiti chake.

Babu, mzaa mama, alijifunza mashine Nachingwea katika Mradi wa Karanga. Vijana wa leo wanapita juu ya ardhi ile bila kujua kilichotokea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki zilimwe karanga. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Yaliharibika kwa wingi, na vipuri havikutosha. Ikajengwa reli, ikaanza kujengwa bandari ya Mtwara. Januari 1951 serikali hiyohiyo ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango wake, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimeshazama. Reli nayo ikaja kung'olewa. Nikisoma katika Luka habari za mjenzi wa mnara ambaye hakuketi kwanza akahesabu gharama, mimi huiona Nachingwea.

Katika yote hayo babu alikuwa kijana wa kupaka grisi. Alitoka na leseni ya udereva na desturi moja ambayo hakuiacha hadi kufa: grisi kabla ya chai. Sisi wajukuu tulizunguka na bomba la grisi kutoka nipo moja ya kuingizia grisi hadi nyingine, na bibi hakumimina chai mpaka babu afute mikono. Trekta lenyewe alilinunua likiwa limeshatumika, kwa fedha za korosho za msimu wa 1973/74, mwaka ambao nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Alilima mashamba ya nusu ya kijiji. Mwenye fedha alilipa, asiye nazo alileta debe la mbaazi baada ya mavuno.

Alipofariki, ndugu zangu, tulilifukia lile trekta kama Wafilisti. Sisi Wamwera tunajua urithi wa zamani ulivyokwenda: mali ya mjomba ilikwenda kwa wapwa, watoto wa dada yake. Lakini watoto wa babu nao walisema baba yao aliwaachia wao, na ndio waliokuwa wakilitunza. Kwenye kikao cha arobaini maneno yakawa mazito. Usiku ule mmoja akafungua betri akaondoka nayo. Wa pili akachukua tairi za mbele. Wa tatu akafungua nozeli zote tatu za dizeli. Kila mmoja alihakikisha mwenzake halitumii, na trekta likabaki pale mashimo wazi, maji ya mvua yakiingia kwenye silinda.

Visima vya Isaka navyo viligombaniwa. Kisima kimoja alikiita Eseki, maana yake ugomvi, cha pili Sitna, yaani uadui. Aliviacha, akaenda kuchimba kingine.

Januari mwaka huu mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mzani wake. Alilizunguka mara moja, akataja bei kwa kilo. Mama alinipigia simu akilia. Nikawaita wote, wajomba na wapwa, Wakristo na Waislamu, maana ukoo wetu ni mchanganyiko kama koo nyingi za Kusini. Sikuuliza trekta ni la nani. Niliomba kitu kimoja: kila aliyechukua kitu akirudishe.

Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Tairi zilikuwa zimeuzwa, aliyeziuza akasema hivyo mbele ya watu, na akaahidi nyingine. Kisha mjomba wangu mkubwa, aliyekaa kimya mwanzo hadi mwisho, akainuka, akaingia ndani akarudi na kopo la Blue Band. Alilifungua kwa ncha ya kisu. Lilikuwa limejaa oili safi, na ndani yake nozeli tatu, kila moja imefungwa kwa kipande cha khanga. Kila mwaka, kabla ya msimu, alikuwa akimwaga oili ya zamani na kuweka mpya. Miaka 19! Mtu tuliyemwita mwizi ndiye aliyekuwa akilitunza trekta kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwake. Shangazi alianza kulia, na mimi nikashindwa kufunga kikao kwa sala. Mjomba mdogo, ambaye ni Mwislamu, akatuombea dua.

Injini ilikuwa imeshika. Fundi wetu kutoka Nachingwea alimimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye matundu ya nozeli, akasema tusubiri. Kila asubuhi alitaja Bismillahi, akashika spana ndefu kwenye puli ya mbele na kuvuta bila kulazimisha. Siku ya 11 injini ilizunguka upana wa ukucha. Hakushangilia. Alimimina tena. Baadaye tulipoifungua tulibadilisha pistoni, ringi na gasketi, vilivyotoka Gerezani, Dar es Salaam; India na Pakistani wameendelea kuunda injini za uzao huu, ndiyo maana vipuri bado vipo. Nozeli za mjomba zilipimwa zikarudishwa vilevile.

Jambo moja tu tulibishana. Ndoano ya kuvutia tela ilikuwa imeungwa na babu kwa kipande cha springi ya lori, ulehemu wake una mabonge kama chungu kilichounguliwa na uji. Fundi alitaka kuikata aweke mpya. Tukaipima kwa mzigo, ikashika, tukaiacha. Nadhani hivi ndivyo Isaka alivyofanya na yale majina.

Trekta liliwaka saa kumi na moja jioni, moshi mweupe, kisha mweusi, kisha safi. Kuku walikimbia. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, alitoka hadi kizingitini akauliza ni nani aliyefika.

Kisima cha tatu Isaka alikiita Rehobothi, kwa kuwa hapo walipata nafasi wote. Trekta letu halijaandikwa jina la mtu. Kuna daftari kwa bibi, lenye zamu za kulima na fedha za dizeli, na anayelishika ni mtoto wa dada wa babu. Shamba la kwanza litakuwa la shangazi mjane.

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa, najua si ukoo wetu peke yake. Nimekaa kwenye vikao vyenu. Yako mashamba yanaota vichaka, ziko nyumba zimefungwa kufuli mbili za ndugu wawili. Kama na wewe una nozeli ndani ya kopo, irudishe kabla ya mvua za kwanza.