Mguu wa Nani Umepona?

Tunapomwuliza mgonjwa, "Umepona?", mara nyingi tumekwisha kumchagulia jibu. Tumemwona anatembea, nasi tumeridhika. Lakini mguu una kazi nyingi, na nyingine mwenye mguu huzifanya bila mtu kuzihesabu.

Chukua kifundo cha mguu, pale wayo unapokutana na muundi. Baridi yabisi ya hapo, tofauti na ile ya goti au nyonga, mara nyingi huzaliwa na ajali ya zamani: mfupa uliovunjika, au kano zilizochanika ujanani. Gegedu huisha, mfupa ukasaga mfupa, kila hatua ikawa adhabu. Dawa na viatu maalumu vikishindwa, daktari mpasuaji ana njia mbili kubwa. Moja ni kuikaza mifupa kwa skrubu mpaka iote kuwa kitu kimoja. Maumivu huondoka, na kiungo nacho huondoka. Nyingine ni kukata sehemu zilizolika na kuweka kiungo bandia cha chuma na plastiki, ambacho huuacha wayo upande na kushuka.

Ipi bora? Uingereza walilipima swali hilo kwa haki. Wagonjwa 303, wenye umri wa miaka 50 hadi 85, waligawanywa kwa bahati nasibu katika hospitali 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kubwa, na tofauti baina yao haikutosha kusema njia moja imeishinda nyingine. Waliowekewa kiungo bandia walisumbuliwa zaidi na vidonda vilivyochelewa kufunga na mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa. Kwa wale wengine, kama 12 katika kila 100 mifupa yao ilikuwa haijaungana.

Jambo moja lilinipendeza: mwamuzi alikuwa mgonjwa mwenyewe, si picha ya eksirei. Aliulizwa kama hukwepa kwenda mbali kwa miguu, kama hulazimika kusimama njiani apumzike, kama hupanda basi badala ya kutembea, hata kama huona haya kwa viatu anavyovaa. Kumwamini mwenye maumivu ni heshima kubwa. Ila maswali hakuyatunga yeye, na swali lisiloulizwa halina alama.

Nina binamu, mkubwa wangu, anayeishi huko huko tangu miaka ya 1980. Alivunjika kifundo cha kushoto akicheza mpira ujanani. Daktari alipomweleza njia zote mbili, yeye aliuliza kama ataweza kukaa tahiyatu, kwa kuwa mguu wa kushoto ndio unaolazwa na kukaliwa. Daktari, kwa uungwana wake, akaomba aonyeshwe. Sisi jamaa tulimwambia, "Kaka, dini imekuruhusu kiti." Akatujibu kwamba ruhusa anaijua, hakuwa akiuliza ruhusa.

Wapo wasemao mambo haya aachiwe mtaalamu, kwani mgonjwa anajua nini? Mimi nakubali nusu. Hatari za kisu anazijua mtaalamu, na ni wajibu wake kuzitaja zote: kwamba kiungo bandia hakiahidi kukunjika kama cha utotoni, na huweza kulegea ikabidi kupasuliwa tena, kwamba kukaza mifupa huvitwika viungo jirani mzigo ambao baada ya miaka huweza kuvichosha. Lakini kipi mtu avumilie kukipoteza, hilo si swali la udaktari. Fundi wa kupaua, anayetaka mguu usioyumba juu ya kenchi, angeweza kuchagua kukazwa, nami nisingemlaumu hata kidogo. Kwenye karatasi yeye na binamu yangu wangeweza kupata alama zile zile.

Binamu alichagua kiungo bandia. Adhuhuri na alasiri, mguu ukiwa umechoka, husali kitini. Alfajiri, kabla kifundo hakijavimba, hukaa chini, wayo ukiwa umelala nusu, na mto mdogo chini yake.