Kadari ya Mungu na Presha ya Mchukuzi

Mchukuzi akianguka sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, na mzigo begani, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali, msibani husemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hiyo huwaliwaza wafiwa, na haifai kubezwa. Ikigeuzwa kuwa maelezo ya kilichomuua, hata hivyo, inaziba swali ambalo dini yenyewe ililiuliza zamani.

Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, yaani eneo la Syria. Alipofika Sargh akapata habari kwamba huko mbele kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, kamanda wake huko Sham, akamuuliza: anaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kuwa anaitoka kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine. Kwake tahadhari haikuwa upungufu wa imani. Wakristo wanaosoma kitabu cha Yoshua bin Sira nao hukuta katika sura ya 38 kwamba tabibu na dawa vyote vinatoka kwa Mungu.

Lakini Umar aliletewa habari. Presha, inayoweza kumwangusha mchukuzi kama yule wa Kariakoo, haina mjumbe. Mtu hutembea na presha ya 150 kwa 100 miaka mingi bila hata kuumwa kichwa, huku mishipa ikikakamaa na moyo ukielemewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Vijiweni wengi huamini ni ugonjwa wa wanene, au wa wenye mawazo. Anayesukuma mkokoteni tangu alfajiri hujiona salama, na chumvi anayoiongeza juu ya chipsi haimtishi. Akiandikiwa dawa, hunywa hadi ajisikie vizuri, kisha huacha.

Kumlaumu mtu huyu ni dhuluma. Analipwa kwa mzigo. Akishinda kwenye foleni ya kliniki, jioni hana cha kupeleka nyumbani. Anachopima kichwani ni kliniki na unga wa watoto, wala suala la kumtegemea Mungu halijaingia hapo. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba asiyejua hupunguziwa lawama, isipokuwa kutojua kwake kuwe ni kwa kujitakia.

Lawama, basi, iwaendee wenye uwezo wa kufikisha habari. Kupima presha ni mkanda mkononi na dakika chache. Misikiti ya Kariakoo hufurika kila Ijumaa, makanisa Jumapili, na wachukuzi wamo. Imamu au padri anayewaombea wagonjwa anaweza kumkaribisha nesi aketi barazani na mashine yake, na atakayezidi 140 kwa 90 aambiwe arudi wiki ijayo, apimwe tena.