Saumu ya Mwenye Maradhi ya Kukataa Chakula

Wako miongoni mwetu wadhanio kwamba mtu akizidi kujinyima chakula ndipo azidipo uchaji. Nyuma ya dhana hiyo huweza kujificha maradhi ambayo tabibu William Gull wa London aliyapa jina la anoreksia mwaka 1873. Mgonjwa hukonda, moyo wake hupiga polepole, naye hujiona mnene. Basi msichana afungaye Jumatatu na Alkhamisi kwa khofu ya kunenepa, nasi tukamsifu, tumemsaidia kuangamia.

Sharia imempa mgonjwa rukhsa ya kula katika Ramadhani yenyewe, seuze saumu ya sunna! Salman alipomzuru Abu Dardaa akamkuta amefunga, alikataa kugusa chakula mpaka mwenyeji wake ale naye, akamkumbusha haki ya nafsi na ya ahali, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha.

Kupona kwataka daktari na subira. Aliyekaa na njaa siku nyingi halishwi kwa wingi ghafula, kwani madini ya damuni huweza kushuka akafa. Jamaa wasimkaripie, wala wasitaje unene wake au wembamba. Na wakae wale naye, hata ukiwa ni uji tu.