Amana Huanzia Maabara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) na wanaotaka uhandisi hukaa na wazazi wao kupanga maombi ya chuo, na mazungumzo huzunguka jina la chuo, mkopo na ajira. Ni mambo ya haki. Lakini liko swali la kimaadili linalopaswa kuyatangulia: chuo hiki kitamzoesha kijana kufanya nini? Mhandisi hubeba amana ya watu asiowajua, na dini zetu zinafundisha kuwa amana hudaiwa mbele ya Mungu. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine likawafukia watu Kariakoo, jijini humo. Anayepita chini ya ghorofa hana namna ya kulipima zege lake. Anaamini tu.

Aristotle alifundisha kwamba uadilifu hupatikana jinsi ufundi unavyopatikana: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na akizoea kujenga vibaya huwa mjenzi mbaya. Tazama kipimo cha zege. Vipande vya mchemraba hutunzwa majini, kisha hupondwa kwenye mashine, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28. Mwanafunzi aliyesubiri siku zote hizo, akaona kipande chake kikipasuka kabla ya nguvu iliyotarajiwa, kisha akatakiwa kueleza sababu, amejifunza kwamba namba haibembelezwi. Aliyenakili namba za waliomtangulia akapewa alama zilezile amejifunza jambo jingine, nalo pia litamwingia mwilini. Hivyo, kabla ya kuuliza chuo kina sifa gani, aulizwe mwanafunzi wa mwaka wa tatu: mashine ya maabara inafanya kazi? Mnaishika wenyewe au mnamtazama fundi? Ripoti ya uongo hurudishwa?

Wapo watakaosema uaminifu hutoka nyumbani. Hutoka huko, ndiyo, lakini mtoto aliyelelewa vizuri hajui bado ni wapi katika kazi hii uongo hujificha. Hilo hufundishwa karakanani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jina hufungua milango, na familia iliyouza shamba haiwezi kulipuuza. Siibezi familia hiyo. Ila sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997 yenyewe hairidhiki na cheti: mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Huko jina la chuo halimwokoi asiyejua kusoma mchoro. Tena heshima ya elimu ya ufundi nchini haina mlango mmoja. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973, lakini Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina mizizi ya chuo cha ufundi cha 1957, na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya kilikua kutoka chuo cha ufundi kilichoanzishwa 1986. Na kama udahili au mkopo umempeleka kijana mahali asipopachagua, swali halijafungwa: bado anaweza kukataa kunakili, na bado anaweza kuutumia muda wa mafunzo kwa vitendo kutafuta eneo la ujenzi ambako vipande vya zege hupondwa kweli.