Zabibu kwa Bei ya Karoti

Mwaka 2023 paroki moja ya Ubelgiji, iliyo rafiki wa paroki yetu hapa Bukavu, ilinialika kukaa kwao majuma matatu. Siku za mwisho nilizipitisha Brussels kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa Ixelles, karibu na mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa kwa sababu ya Wakongo wanaokutana humo. Kabla ya kuondoka niliambiwa nitaona mengi ya kunishangaza. Ni kweli, niliyaona. Lakini jambo lililoniletea mashaka moyoni, nikarudi nalo mpaka nyumbani, ni dogo sana: mashini ya kulipia dukani.

Wengi wenu mwajua namna ya supamaketi. Unazunguka kati ya makabati, unachukua unachotaka, na mwishoni unamkuta mtu ameketi, anahesabu vitu vyako na kupokea fedha. Sasa katika maduka mengi ya Ulaya mtu huyo ameondolewa, na mahali pake pamewekwa mashini. Wewe mwenyewe unashika kila kitu na kukipitisha juu ya kioo chenye mwanga. Mashini inasoma mistari myeusi iliyochapwa juu ya pakiti, inalia kidogo, bei inaonekana. Halafu unakiweka kitu hicho juu ya sahani iliyo upande wa pili. Sahani hiyo ni mizani. Mashini imekwisha kuambiwa kwamba pakiti ya mchele ina uzito huu na sabuni uzito ule. Ikiona uzito usiopatana na hesabu yake, inasimama. Ukimaliza kulipa unapewa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayofungua kilango cha vioo cha kutokea. Bila karatasi, hutoki.

Siku ya kwanza niliweka mfuko wangu wa kitambaa juu ya sahani kabla ya kuanza. Mashini ikasema, kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi, kwamba kuna kitu isichokijua. Nikauondoa. Ikasema nirudishe. Nikarudisha. Taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa changu, na watu waliokuwa nyuma yangu wakanitazama. Mimi, mwalimu wa dini, ninayewafundisha watoto kila juma amri ya saba, nilijiona kama mwanafunzi aliyepigishwa magoti mbele ya darasa. Akaja msichana mfanyakazi. Alikuwa peke yake kwa mashini nane, na tatu zilikuwa zikimwita. Akagusa kioo kwa kadi yake, taa ikazimika, akaenda zake bila kunitazama usoni. Sikumlaumu. Angetazama nyuso ngapi?

«Mjomba, niachie mimi,» akasema mpwa wangu. Akamaliza vitu vyangu upesi, halafu akatoa zabibu zake mwenyewe, fungu zuri. Matunda na mboga zinazouzwa kwa uzito hazina mistari. Mashini inakuonyesha picha nyingi, nawe unagusa picha ya kitu ulicho nacho. Mpwa wangu akagusa picha ya karoti. Bei ikashuka mno.

Pale ndani sikusema neno. Nje nikamwambia, «Umelipa karoti.»

«Mjomba, wengi wanafanya hivyo. Na nimemwibia nani? Mashini?» Nilipotaka kujibu akaendelea: «Zamani palikuwa na mama aliyelipwa mshahara kwa kazi hii. Wamemfukuza. Kazi yake naifanya mimi. Mshahara wake nani ananipa? Basi, najilipa mwenyewe.»

Lile la mashini ni neno la kitoto, na yeye mwenyewe alijua. Lakini lile la pili lilinifunga kinywa, maana lina kipande cha ukweli ndani yake. Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mwaka 1916 mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua huko Memphis, Marekani, duka lililoitwa Piggly Wiggly. Mpaka wakati ule mnunuzi alisimama mbele ya meza, akataja anachotaka, na kijana wa duka akamletea. Saunders akamwambia mnunuzi azunguke, achukue mwenyewe. Mwaka 1957 kampuni ya Delhaize ilileta desturi hiyo kwa ukamilifu katika Ubelgiji, kwenye uwanja wa Flagey, huko huko Ixelles anakokaa mpwa wangu. Mwaka 1974, katika mji wa Troy, Ohio, mistari myeusi ilisomwa na mashini ya duka mara ya kwanza, juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna, na mtu wa kupokea fedha hakuhitaji tena kuandika bei. Mwaka 1986 mashini za kujihesabia mwenyewe zikajaribiwa karibu na Atlanta. Kila mara mnunuzi alipewa sehemu ya kazi ya mwuzaji. Hakulalamika sana, kwa kuwa aliambiwa atakwenda haraka na bei itakuwa ndogo. Lakini safari hii ya mwisho amepewa kitu kisicho kama vile vya kwanza. Kutembea kati ya makabati ni kazi ya miguu. Kusema «hizi ni zabibu» ni kazi ya shahidi. Na mtu amefanywa shahidi katika neno linalohusu mfuko wake mwenyewe.

Hapa kwetu, katika soko la Kadutu, hakuna mama anayemwambia mnunuzi ajipimie maharage. Mama anapima, wewe unatazama kopo lake kama limejaa vizuri, mnabishana, mwishoni anakuongezea kiganja kimoja cha matabishi. Macho manne yako juu ya kopo moja. Mnashukiana kidogo, ndiyo, lakini mnashukiana uso kwa uso, na mara nyingi mnaachana mkicheka.

Basi, turudi kwa hoja ya mpwa wangu. Si mpya hata kidogo. Katika seminari tulifundishwa habari ya kujilipa kwa siri. Katika karne ya 17 walikuwako waalimu waliosema kwamba mtumishi wa nyumbani akiona kazi yake yapita mshahara wake, aweza kuchukua kwa siri mali ya bwana wake mpaka ijae haki yake. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilikataa fundisho hilo. Akakataa pia, katika orodha ile ile, neno la wale waliosema kwamba aliyeiba kidogo kidogo hafungwi kwa dhambi ya mauti kurudisha, hata kama jumla imekuwa kubwa. Waalimu wa maadili hawakufunga mlango wote: walikubali kwamba anayedai deni la hakika kabisa, naye hana njia nyingine ya kulipata, tena hamdhuru mtu mwingine, aweza kujitwalia lililo lake. Lakini deni la hakika! Nani alihesabu kwamba kupitisha zabibu juu ya kioo ni kazi ya bei hii? Mwenye kuhesabu ni yule yule mwenye njaa ya zabibu. Na hasara ya duka haibaki kwa tajiri. Inaongezwa juu ya bei, na kizee anayenunua karoti za kweli atasaidia kuilipa.

Nilimwambia hayo. Alisikiliza kwa heshima, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini nakiri kwamba jibu hilo ni tamu zaidi darasani kuliko pale kwenye mstari, taa nyekundu inapowaka.

Tena si yeye peke yake. Emmeline Taylor, mtaalamu wa mambo ya uhalifu katika London, amesimulia habari ya supamaketi moja ya Australia iliyoona imeuza karoti nyingi kuliko karoti zilizopata kuwamo dukani. Watu hao wa karoti si majambazi. Ni baba na mama wa nyumba, wenye kazi zao, ambao wasingethubutu kutia mkono katika sanduku la mama wa duka. Ni nini basi kinachowageuza?

Siku mbili kabla ya zabibu zile, mpwa wangu alikuja kunichukua kwa gari katika ile paroki ya shamba. Njiani, mbele ya nyumba ya mkulima mmoja, palikuwa na meza yenye mayai na viazi, na kisanduku chenye tundu la kutilia fedha. Hakuna mtu, hakuna mizani, mbwa tu amelala. Bei imeandikwa kwa chaki: mayai euro 3. Mpwa wangu alikuwa na noti ya euro 5 tu. Akaitia kisandukuni, akachukua mayai, tukaenda. Sikumsikia akisema kwamba amefanya kazi ya mkulima, wala kwamba sanduku haliwezi kuibiwa. Kijana ni yule yule, moyo ni ule ule. Pale barabarani mtu asiyemjua alimwamini kabisa, naye akaona haya kuuvunja uaminifu huo. Dukani amekabidhiwa kazi ya shahidi, na papo hapo amewekewa mizani chini ya mkono, kamera juu ya kichwa na kilango mbele ya miguu. Unamwambia mtu, «Nakuachia ujihesabie,» halafu unamfungia mlango. Kushukiwa hakumhalalishii mtu wizi, hilo nitalifundisha mpaka nife. Lakini anayewashuku wote tangu asubuhi mpaka jioni, ili kupunguza mishahara, asijifanye hana sehemu yake.

Wako wenye maduka walioanza kuliona. Katika Novemba 2023 Booths, kampuni ya kaskazini mwa Uingereza iliyokuwa na maduka 28 wakati ule, ilitangaza kwamba inaondoa mashini hizi katika maduka yake yote ila mawili, na kurudisha watu. Waholanzi wamefanya jambo linalonipendeza zaidi. Mwaka 2019, katika mji wa Vlijmen, supamaketi ya Jumbo iliweka mahali pa kulipia kwa ajili ya wasio na haraka, hasa wazee wanaoishi peke yao, wapate kuongea kidogo na mpokea fedha. Kulipiza maziwa na kuulizwa habari ya magoti! Sisi tungecheka kwamba jambo hilo limehitaji kutangazwa. Lakini tusicheke sana. Hata Bukavu yapo maduka ambamo mtu anaingia na kutoka bila salamu.

Sasa nimalize habari yangu. Jioni ile, nikitoa vitu katika mfuko wa kitambaa, nikakuta chini kabisa pakiti ya kahawa. Nilikuwa nimeitia mwenyewe tangu kwenye makabati, nikaisahau. Kwenye karatasi haikuwamo. Kumbe mashini ilipopiga kelele juu ya mfuko wangu, nami nikaona aibu na hasira ya kusingiziwa, ilikuwa ikisema kweli. Msichana ndiye aliyenifungulia, kwa huruma au kwa kuchoka.

Mpwa wangu alicheka mpaka machozi. «Mjomba, karibu katika chama!»

Asubuhi nikarudi. Nilitafuta katika mashini mahali pa kugusa kwa mtu anayetaka kulipa kitu alichokwisha kukichukua. Hakuna. Nikamngoja msichana yule yule, nikamweleza. Alifikiri nataka kurudishiwa fedha. Nikaeleza tena. Akanitazama usoni, mara ya kwanza, akasema kwamba tangu aanze kazi hiyo hajaulizwa neno kama hilo, na kwamba ningeweza kuiacha tu. Nilipokataa, akaenda kabatini akaleta pakiti nyingine ya kahawa ile ile, akaipitisha juu ya kioo, akaiweka juu ya sahani ili mizani iridhike, nami nikalipa. Halafu akairudisha kabatini.

Nikatoka mikono mitupu, nimeshika karatasi. Mpwa wangu alikuwa akiningoja nje kwenye baridi. Aliichukua karatasi, akaisoma pande zote mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti lake.