Abiria Asiye na Pa Kushukia

Ukifika stendi ya Msamvu, Morogoro, unajiona mtu muhimu. Hujashuka hata kwenye bajaji, wapiga debe wameshakuita kaka, bosi, mkuu. Mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono. Ukishakata tiketi, hakuna anayekukumbuka. Kwa muda mrefu niliamini dawa yake ni ushindani zaidi: mabasi yakiongezeka, na heshima itaongezeka.

Safari moja kutoka Msowero ilinivuruga. Pale, kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, basi unalisubiri kando ya lami, nalo siku ile lilifika limeshajaa. Nilipanda pamoja na mama mmoja mwenye viroba viwili vya mchele. Konda alituapia kwamba viti vipo, akapokea nauli. Viti havikuwepo. Nikamwambia anirudishie hela yangu, nitashuka Dumila, magari yanayotoka Dodoma yako mengi. Ghafla kiti kikapatikana. Msaidizi wake akainuliwa. "Kaa hapa, bosi." Yule mama, aliyelipa nauli ileile, akaambiwa, "Bimkubwa, sogea nyuma."

Nikakaa.

Ukifikiria, ushindani siku ile ulifanya kazi yake vizuri kabisa. Ulimheshimu anayeweza kuondoka. Mama naye angeweza kushuka Dumila, lakini viroba vyake vilikuwa kwenye buti, na nauli ya pili, aliniambia baadaye, hakuwa nayo.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wengi tunasema sasa mabasi yatashika adabu. Kilosa nayo ina kituo. Huenda ni kweli, nami nafurahi. Ila adabu ya kumwogopa mshindani inamfikia abiria ambaye mshindani anaweza kumchukua, basi. LATRA hupanga kiwango cha juu cha nauli kwa sababu kuna mambo hayafai kuachiwa soko peke yake. Lakini hakuna kanuni itakayomlazimisha abiria aliyekaa afungue mdomo kwa ajili ya aliyesimama.

Tunapenda kusema mteja ni mfalme. Mimi nilikuwa mfalme kuanzia Msowero hadi Morogoro, na mama wa watu alisimama njia nzima, kashikilia kiti changu.